Bastola ya kwanza ya kulengea shabaha, kwa mwenye hela ya mawazo

Mbukwenyi wote. Tangu watu wajue kwamba wikiendi huwa naenda kulenga shabaha, swali naloulizwa kuliko yote ni hili: nna hela kidogo, nataka bastola yangu ya kwanza ya kupigia shabaha tu, sio ya ulinzi wala ya kujionyesha, ninunue ipi? Na juzi hapa dogo mmoja wa ofisini kwetu Mtumba hapa Dodoma kaniletea picha kwenye simu, kabastola kadogo ka 9mm ka kuingia mfukoni, bei imeshushwa, yeye anataka nimwambie tu chukua. Sikumwambia chukua. Nilimwambia akae kwanza tuongee, na haya nayoandika hapa ndo mengi niliyomwambia, nimeyapanua kidogo maana wenye swali lake ni wengi.

Tuanze na hela, ndo inayotuuma. Watu wakisikia bajeti wanawaza bei iliyobandikwa kwenye kabati la duka. Hiyo unailipa mara moja imeisha. Risasi unalipia kila ukienda kupiga, mwezi huu, mwezi ujao, mwakani, na kwenye shabaha hakuna kona ya kukata, mtu anakuwa mzuri kwa kupiga na akiacha anashuka, kwaiyo bastola ya bei chee inayokula risasi za bei mbaya mwisho wake inakaa kwenye sefu inaota kutu wakati mwenyewe anasema kulenga shabaha ni mchezo wa matajiri. Swali la kwanza sio bastola gani. Swali la kwanza ni risasi gani naweza kuimudu kila mwezi bila kugusa ada ya watoto, ukishalijibu hilo bastola yenyewe inajichagua zaidi ya nusu.

Kwangu jibu ni .22 LR. Hii risasi ndogo ya milimita 5.6 ipo tangu 1887 na mpaka leo ndo wanayopiga Olimpiki kwenye bastola ya mita 25, kwaiyo mtu asikudanganye kwamba ni ya kitoto. Kichwa chake cha kawaida kina gramu 2.6, wakati cha 9mm kinacheza kwenye gramu saba na nusu mpaka nane. Nguvu inayotoka kwenye mtutu wa bastola kwa .22 ni joule mia moja na kitu, 9mm inafika 450 mpaka 500. Tofauti hiyo mkono unaisikia, sikio linaisikia na mfuko unaisikia. Marekani ambako zinauzwa kwa wingi, hela ya risasi moja ya 9mm inakupa .22 tatu mpaka nne. Huku kwetu bei inategemea duka na mzigo ulioingia lini, kwaiyo usichukue hesabu za mtandaoni, chukua karatasi, andika bei ya boksi la risasi hamsini la kila aina kwa duka utakalonunulia kweli, zidisha kwa maboksi unayotaka kupiga kwa mwaka. Fanya hivyo kabla hujaangalia picha ya bastola yoyote.

Lakini kuna angalizo hapa na ni zito. Bastola ya .22 bila risasi za .22 ni chuma tu. Kabla hujaipenda, piga simu maduka, usiulize "mnazo?" peke yake, uliza mzigo ukiisha huwa unakaa muda gani kurudi, ni za kampuni gani, na mteja mmoja anauziwa ngapi. Na polisi waulize mapema kwa leseni yako unaruhusiwa kununua na kukaa na risasi ngapi, manake kama mazoezi uliyopanga yanahitaji nyingi kuliko unazoruhusiwa, bora ujue sa hivi. Ukikuta duka lako mwaka mzima lina 9mm tu na .22 zinakuja kwa kubahatisha, hapo hesabu inageuka, nitakuja huko chini. Ila usinunue kamwe bastola kwa sababu ni rahisi wakati risasi zake ni adimu, zile za zamani za 7.62 Tokarev, Makarov ya 9x18, .25, .32, utazikuta mtu anaziuza bei ya kutupa na sababu ya kuzitupa ndo hiyohiyo. Ni sawa na kununua pikipiki ambayo spea zake hazipo Dodoma nzima.

Suala la sheria sitalipitia lote ila kuna kitu kimoja kinagusa bajeti moja kwa moja. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndo inayotuongoza, na leseni inashikana na silaha ileile yenye namba ileile. Huwezi kuinunua, ukaona haikufai, ukabadilishana na mtu juu kwa juu. Huwezi kumuazima rafiki. Kumwachia shemeji akutunzie ukisafiri, hapana. Kila hatua polisi wanahusika, ina muda wake na usumbufu wake, kuanzia serikali ya mtaa wako unakofahamika mpaka ngazi za juu. Kwaiyo huku kwetu ushauri wa mtandaoni wa "nunua yoyote ya kuanzia utabadilisha baadaye" haufanyi kazi kabisa, yule anayeuandika anaishi mahali ambapo watu wana tano tano nyumbani. Wewe unachagua moja, utakaa nayo miaka. Na pa kupigia patafute kabla ya bastola. Huwezi kubeba silaha ukaenda zako porini Hombolo au Bahi ukaanza kupiga makopo, kuna watu wanachunga kule, kuna watoto wanaokota kuni, na risasi ya .22 iliyokosa inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Uwanja wenye kibali, wenye tuta la udongo nyuma ya shabaha na msimamizi, ukishaupata huo ndo uanze kuhesabu hela.

Sasa turudi kwa dogo na kabastola kake. Hoja yake ilikuwa nzuri kabisa kwa kusikia, alisema JKT alipiga bunduki ya SMG na alipata shabaha, kwaiyo 9mm ndogo itamshinda nini. Sikubishana naye. Jumamosi nikaenda naye kwa Afande, mzee wetu mstaafu wa jeshi, alishatundika gwanda zamani ila hakuna anayemwita kwa jina, wote ni Afande tu, ndo aliyenifundisha mimi na wengine wengi.

Dogo alianza na 9mm ya pale uwanjani. Mita saba, karatasi kubwa, na risasi zake zikawa zinaenda chini kushoto, chini kushoto, nyingine nje ya karatasi kabisa. Akasema saiti za hii bastola, vile vidude vya juu vya kulengea, zimepinda. Afande hakujibu kitu. Akachukua revolva ya .22, ile bastola yenye gurudumu la vyumba vya risasi, akageuka pembeni, kwenye vyumba sita akachanganya risasi halisi na risasi bandia bila dogo kuona, akafunga, akaiweka mezani mdomo ukiangalia shabaha, akamwambia haya piga taratibu. Ya kwanza ikalia. Ya pili nyundo ikagonga, ta, hamna mlio, lakini mdomo wa bastola ulizama chini karibu vidole viwili, bega likaja mbele, macho yote mawili yamefumba. Sote tumeona.

"Umeona, mjukuu wangu?"

"Nimeona, Afande."

"Bastola haijalia, wewe ushashtuka. Sasa saiti zina kosa gani?"

Hiyo ndo sababu kubwa kuliko bei. Mwili unajifunza kushtuka haraka sana na unachelewa mno kusahau. Mtu akianza na bastola nyepesi yenye mlio mkali na teke, kila boksi analolipia linamfundisha kushtuka zaidi, yaani anatoa hela aharibike. Kwa .22 teke ni dogo kiasi kwamba akili inabaki na kazi ya maana, saiti ya mbele na kidole. Dogo alipoendelea na ile revolva, bandia zikichanganywa kila mzunguko, mpaka tunaondoka mdomo wa bastola ulikuwa hauzami tena kama mwanzo, na mashimo kwenye karatasi yalishaanza kukaa jirani. Saiti hatukuzigusa.

Udogo wa bastola nao una hesabu yake na hii napenda watu waione kwa namba. Umbali kati ya saiti ya nyuma na ya mbele ndo unaoamua kosa lako litakua kiasi gani likifika kwenye karatasi. Chukua bastola ndogo yenye umbali wa sentimita 13 kati ya saiti mbili. Ukikosea kuzipanga kwa milimita moja tu, mita kumi mbele risasi imehama karibu sentimita 8. Bastola ndefu ya shabaha yenye sentimita 23, kosa lilelile la milimita moja linakuhamisha sentimita 4 na kidogo. Mkono uleule, jicho lilelile, kosa lilelile. Sasa wewe unayejifunza, ambaye kosa la milimita moja ndo kawaida yako, kwa nini ujichagulie chombo kinachozidisha makosa karibu mara mbili?

Afu kuna uzito wa triga. Bastola nyingi za ulinzi kidole kinavuta kama kilo mbili na nusu mpaka itoke, na bastola yenyewe ikiwa ndogo ina uzito wa nusu kilo na kitu, yaani unavuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kitu ulichoshika mara nne, lazima kitatikisika. Kwenye mashindano ya mita 25 triga inatakiwa isipungue gramu 1000, na bastola inaruhusiwa kufika gramu 1400. Hapo ndo unaelewa kwa nini bastola za shabaha ni nzito na ndefu, uzito huku mbele unatuliza mkono. Dukani ukiambiwa hii nyepesi utaibeba siku nzima bila kuisikia, hiyo ni sifa kwa mlinzi, kwako wewe unayesimama mezani dakika kumi ni kasoro.

Basi zipi. Sio zote utazikuta huku, ila ukikutana na moja kati ya hizi usipite haraka. Ruger Mark IV ya mwaka 2016 ndo mrithi wa ukoo ulioanza 1949, na ndugu zake wa zamani Mark II na Mark III bado wanapiga vizuri mno ila kuwafungua kusafisha na kuwarudishia ni kazi ya kukutoa jasho, Mark IV walirekebisha hilo, kitufe kimoja inafunguka. Ukikuta Mark IV iliyotumika angalia imetengenezwa lini, zile za kabla ya Juni 2017 kampuni ilizirudisha kiwandani kwa tatizo la kitasa cha usalama, kwaiyo muuzaji akuonyeshe kama hiyo ilisharekebishwa, na kama hana jibu achana nayo. Browning Buck Mark ipo tangu 1985, triga yake mimi naipenda kuliko ya Ruger, ni suala la kidole cha mtu. Smith & Wesson SW22 Victory nayo ni ya 2016, imetulia. Zote hizi zinakaribia kilo moja au zinazidi, nyingi saiti za nyuma zinarekebishika kwa bisibisi, na hilo la saiti kurekebishika usilikubalie kulikosa, maana .22 za kampuni tofauti zinapiga sehemu tofauti na wewe utapiga zinazopatikana.

Chini ya hapo kwa bei ziko za plastiki, Taurus TX22, Walther P22, Ruger SR22, Glock 44. Kati ya hizo mimi ningechukua TX22. Glock 44 ina faida moja, ukubwa wake ni uleule wa Glock 19, ila ni nyepesi sana, kama gramu mia nne na kitu. Kwa mtu anayetaka kutoboa matundu karibu karibu mita 25 zitamchosha mapema, kwa mtu wa mita saba mpaka kumi na tano zinatosha.

Revolva ya .22 nayo naitetea. Haichagui risasi, hilo ni kubwa. Bastola za magazini za .22, zile za kiboksi cha risasi kinachochomekwa, zina tabia ya kudeka, hii risasi inaikubali hii inakwama, na ukiwa mahali ambapo unanunua kilichopo dukani sio unachotaka, kudeka huko ni gharama. Revolva inachokitaka ni risasi iingie kwenye chumba chake, basi. Magazini hamna ya kupotea wala ya kupinda midomo. Ruger Single-Six za zamani ni ngumu kuziua, na mwaka 2019 walitoa Wrangler iliyo rahisi zaidi, ila Wrangler saiti zake hazirekebishiki. Kukoki nyundo kwa kidole gumba kila risasi kunakupunguzia spidi, na spidi ikipungua risasi zinapungua, nayo ni bajeti.

Na kama duka lako ni 9mm tu? Basi chukua 9mm kubwa, nzito, yenye mtutu mrefu, hata kama imetumika. CZ 75 ya chuma ina kilo moja, ipo tangu 1975, inakaa mkononi vizuri ajabu, ningeichukua iliyotumika miaka ishirini kuliko kadogo kapya. Glock 17 iliyotumika ni sawa pia. Halafu bajeti yako igawe tofauti, piga risasi chache kila unapokwenda na fanya mazoezi mengi ya bila risasi nyumbani, ambayo kusema kweli hata mwenye .22 anayahitaji.

Haya mazoezi ya bila risasi watu wanayadharau kwa sababu ni ya bure. Unafungua bastola, unatoa magazini, unaangalia chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho na kwa kidole, risasi zote zinabaki chumba kingine zimefungiwa, unaangalia ukuta ambao nyuma yake hakuna mtu. Ukiwa na .22 weka risasi bandia, kwa sababu pini inayolipua .22 inagonga ukingoni mwa ganda, na chemba ikiwa tupu bastola nyingine pini inapiga mdomo wa chemba yenyewe na kuutia alama. Kisha chukua sarafu ya shilingi mia, mwenzako aiweke juu ya saiti ya mbele, wewe vuta triga polepole mpaka igonge sarafu ikiwa palepale. Mara za kwanza itadondoka. Dakika kumi jioni kabla ya kula, ukiwa na utulivu na watoto hawapo chumbani, zinakupa maendeleo ambayo maboksi ya risasi hayakupi.

Kununua iliyotumika ndo njia ya wengi wetu wenye hela ya mawazo, na ni njia nzuri, bastola iliyotunzwa haizeeki haraka, .22 hasa, mtutu wake unavumilia maelfu kwa maelfu ya risasi. Nenda na tochi ndogo. Angalia ndani ya mtutu ikiwa imefunguliwa na haina kitu, mifereji iwe inang'aa na kingo kali, ukiona vishimo vishimo vya kutu au pete nyeusi inayozunguka mahali pamoja, pale risasi iliwahi kunasa na nyingine ikapigwa nyuma yake, mtutu umevimba, rudisha. Angalia mdomo wa mtutu, ukiwa na pengo hata dogo risasi haitaenda sawa. Skrubu zilizochakaa vichwa zinakwambia kuna fundi wa kujifunzia alipita humo. Kwa revolva, vuta nyundo taratibu kila chumba, kila kimoja kijifunge chenyewe bila kucheza cheza kabla nyundo haijafika mwisho. Magazini ipakie na ipakue kwa risasi bandia. Na namba, jamani, namba iliyochongwa kwenye bastola isome mwenyewe herufi kwa herufi na ilinganishe na leseni ya muuzaji. Usitoe hata mia ya kishika bei mpaka polisi wameshaiona na wamekwambia utaratibu wa kuihamisha. Muuzaji akikwambia tumalizane kwanza halafu makaratasi yatafuata, ondoka hapo, tena haraka.

Kuna wengine hata .22 iliyotumika itakuwa mlima kwa sa hivi, na hao nawaambia bastola ya upepo ya milimita 4.5 sio zawadi ya kufuta machozi. Mita kumi tu, kwenye karatasi ambayo duara la kumi lina milimita 11.5, kadogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Wote tulimuona yule Mturuki, Yusuf Dikeç, Paris 2024, mkono mfukoni, miwani yake ya kawaida, ana miaka 51 anabeba medali ya fedha ya timu mchanganyiko. Ile ilikuwa bastola ya upepo. Watu walishangaa hana vifaa machoni, mimi nilikuwa naangalia kifundo cha mkono, hakitikisiki kabisa, kile ni miaka ya mazoezi. Bastola yake ilikuwa ya mashindano, hiyo sio ya bei yetu, lakini zipo za kawaida za kupampu mara moja kwa mkono kila risasi, na vidonge vyake vya risasi ni rahisi kuliko kitu chochote chenye baruti. Ila usidhani kwa kuwa ni ya upepo haihusiani na sheria, nenda kituoni uulize kabla ya kununua au kuagiza kutoka nje.

Katika bajeti yako toa kwanza hela ya masikio na macho, kabla ya bastola. Mlio wa bastola, hata .22, unapita desibeli 140, kiwango ambacho mlipuko mmoja tu unaweza kuharibu usikivu, na usikivu ukienda haurudi. Viziba masikio vya sponji vikiingizwa vizuri vinafanya kazi, ukivaa na vile vikubwa vya juu ndo bora zaidi. Miwani ya plastiki ngumu ya mafundi, ile isiyo na giza, inayopatikana maduka ya hadiwea inatosha, ganda la moto la .22 linaruka na kuingia popote. Na risasi ni madini yenye sumu, mikono ioshwe kwa sabuni na maji ya baridi kabla ya kugusa andazi, na zile nguo zisimkumbatie mtoto mpaka zimefuliwa. Nimeona watu wanakula mihogo juu ya meza ya kupigia, naumia.

Vumbi letu la Dodoma linataka neno lake. Kuanzia Juni upepo unapiga kila siku na vumbi lile jekundu linaingia mpaka ndani ya kabati lililofungwa. Risasi nyingi za .22 zina nta au mafuta juu ya kichwa, vumbi linaganda pale, unaliingiza mwenyewe kwenye chemba. Usiziache wazi mezani, toa unazopakia tu. Na bastola usiimwagie mafuta, mtu wa Dar anaweza kuipaka kwa sababu ya hewa ya chumvi, huku mafuta mengi ni gundi ya vumbi. Tone dogo kwenye sehemu zinazosuguana, futa mpaka kidole kikipita kisipate unyevu, mtutu upitishe kitambaa kikavu kabla ya kupiga.

Mkono wako nao uulizwe. Kuna dada mmoja tunapiga naye, vidole vyake vifupi, aliambiwa dukani achukue bastola ndogo kwa kuwa ana mikono midogo, na Buck Mark ya watu alipoishika ikamkaa moja kwa moja. Udogo wa bastola na wembamba wa kishikio ni vitu viwili. Ishike, nyoosha mkono, ncha ya kidole, ile sehemu ya nyama ya kwanza, ifike kwenye triga bila kuzungusha kifundo. Fumba macho, nyanyua, fumbua, kama saiti zimekaa karibu na mstari inakufaa, kama kila ukifumbua inaangalia juu au pembeni hata ikiwa ya bure sio yako.

Ukishaipata, siku za mwanzo karatasi iwe mita saba, usikimbilie 25. Piga tano tano, simama, angalia. Risasi ikigoma kulia, na .22 zinagoma mara kwa mara kuliko 9mm, mdomo ubaki kwenye shabaha hesabu polepole sekunde thelathini ndo ufungue, kuna zinazochelewa. Kama ni ya magazini, nunua magazini mbili za ziada siku hiyohiyo unayonunua bastola maana baadaye utazitafuta, ziandike kwa markapeni moja, mbili, tatu, na kwenye kadaftari andika kila inapokwama ilikuwa magazini gani na risasi za kampuni gani. Baada ya maboksi machache utakuta ni magazini ileile ndo inayosumbua, au ni risasi zilezile, na utajua hela yako inayofuata iende wapi.